Karatasi ya Mechi ya Ishirini na Moja

Kirumba, Mwanza
9 Novemba 2024

Mpwa wangu Nickson,

Huku tupo. Mama yako alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia tarehe 28 Oktoba na sasa anaona. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni vumbi juu ya kabati langu, na alilitaja mbele ya wageni. Leah na Frida walikuja Jumapili. Mwanao anauliza kama Dubai kuna mvua. Sijui, kwa hiyo sikumjibu. Mjibu wewe.

Sasa kazi. Nimestaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kuripoti soka, lakini gazeti limenipa ukurasa mmoja wa kuandika kuhusu makocha wasiojulikana wanaostahili kujulikana. Mhariri wa sasa nilimfundisha mimi kuandika matokeo ya mechi, anaona haya kunikatalia. Leah ananiambia kocha wenu mpya ni Mmexico, na kwamba wewe mtunza vifaa unakaa naye kuliko mtu yeyote. Nataka kujua alizaliwa wapi, alicheza wapi, mechi ngapi, na kwa nini yuko daraja la chini huko Dubai akiwa na umri huo.

Usinitumie sauti kwenye simu. Andika kwenye karatasi, weka tarehe, mpe mtu anayekuja. Rosina anarudi likizo Desemba.

Usinisifie mtu. Niambie alichofanya.

Mjomba wako,
Pius


Al Quoz, Dubai
1 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za jicho la mama. Mwambie asianze kukagua na kabati la jirani. Huku joto limepungua, mtu anaweza kutoka kambini hadi stoo yetu bila kubadilisha shati. Mwambie Frida mvua ipo, siku nne au tano kwa mwaka, na ikinyesha mji mzima hutoa simu kuipiga picha.

Kocha anaitwa Crisanto Berumen. Ana miaka 61. Alizaliwa Fresnillo, mji wa migodi ya fedha huko Mexico, na baba yake alikuwa mchimbaji. Alikuwa beki wa kushoto. Alicheza mechi nyingi sana na aliichezea timu ya taifa.

Alifika kwetu Agosti. Siku ya kwanza hakwenda uwanjani wala kwa wachezaji, alikuja stoo. Alitazama jezi, akahesabu mipira, akauliza ni ipi inayovuja upepo. Kisha akasema, "Chai iko wapi, mzee?" Neno mzee alifundishwa na Chacha, winga wetu wa akiba kutoka Tarime, aliyemdanganya kwamba ndivyo watunza vifaa wote wanavyoitwa. Mimi nina miaka 34. Nimemrekebisha mara tatu. Anacheka, anaendelea.

Tulikuwa wa mwisho kwenye msimamo, pointi tano katika mechi sita. Kocha aliyemtangulia angepiga kelele. Huyu wakati wa mapumziko hasemi neno kwa dakika nne. Wachezaji wanakunywa maji, wanamtazama, yeye anatazama saa. Baada ya hapo anasema mambo mawili, hayazidi. Mahfudh, winga wetu wa Mombasa, alisema, "Huyu mtu wallahi hanipigii kelele, na ndio naogopa zaidi."

Jambo moja la kwangu, mjomba. Arbab, mwenye timu, ametamka mbele ya wote kwamba tukipanda daraja, mimi na wenzangu wawili tutapata mkataba mpya wenye visa ya familia. Mwaka wa nne huu sijaishi na Leah zaidi ya siku thelathini kwa mpigo. Frida ananijua kwa kioo cha simu. Usimwambie Leah mambo ya mkataba, nisije nikampa matumaini bure.

Wako,
Nickson


Kirumba, Mwanza
4 Januari 2025

Mpwa wangu,

Rosina alifika salama, na barua yako pia, japo ilikuwa ikinukia marashi yote ya Deira. Tulikula sikukuu kwa mama yako. Alichoma nyama mwenyewe, hakutaka msaada, na alituambia sote tumekonda. Leah amepata cherehani ya pili. Kuhusu mkataba sijasema neno.

Umeniandikia "mechi nyingi sana". Nyingi ni ngapi? Mimi ninaweza kuandika namba, siwezi kuandika "sana". Umeniandikia pia kwamba aliichezea timu ya taifa. Nimetafuta kila orodha niliyoweza kufikia na simwoni. Ama orodha zina kosa, ama wewe, ama yeye. Muulize.

Habari ya dakika nne za kimya ni nzuri. Nipe nyingine za namna hiyo. Nataka kujua anavyofanya kazi siku ambazo hakuna mechi, maana siku ya mechi kila mtu ni kocha.

Pius


Al Quoz, Dubai
16 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Huku tuko wazima. Nilikuwa na mafua wiki mbili, yameisha. Jumapili zote nakwenda misa Oud Metha, na mara nyingi kocha yupo, anasimama nyuma kabisa karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuingizwa uwanjani.

Nilimuuliza. Akasema, "Mjomba wako yuko sahihi. Aandike hivi: aliitwa mara moja, mwaka 1987, mechi ya kirafiki. Alipasha misuli pembeni ya uwanja dakika ishirini. Hakuingia." Nikasema, kocha, pole. Akasema, "Pole ya nini? Ndivyo ilivyokuwa." Watu wa hapa ndio waliokuwa wakisema aliichezea, naye alichoka kuwakanusha. Namba nyingine ni hizi, kutoka kwenye madaftari yake: misimu kumi na minne, mechi 411, mabao manne, kadi nyekundu moja. Aliacha mwaka 1996 kwa sababu ya goti.

Alianza ukocha 1997 na timu ya wanawake wa kiwanda cha nguo huko Aguascalientes, kwa kuwa hakuna mwanaume aliyeitaka kazi hiyo. Aliibeba miaka mitatu. Anasema wale ndio waliomfundisha kufundisha, kwa sababu walikuwa wametoka kusimama kwa saa kumi kiwandani na hawakukubali zoezi lisilo na maana. Akaja kupandisha daraja timu mbili, akashusha moja, akaenda Guatemala, akaja huku. Ile aliyoishusha huitaja kabla ya zile alizopandisha.

Umeuliza siku zisizo na mechi. Wachezaji wa akiba ambao hawakuingia huandika ukurasa mmoja kila mmoja, wanaeleza walichokiona kutoka benchi. Kila mtu kwa lugha yake. Chacha aliandika kwa Kiswahili kwamba beki wetu wa kati anatazama mpira badala ya kiuno cha mshambuliaji. Mimi nilitafsiri. Kocha alisoma mara mbili, akamwita Chacha, akamtoa pembeni alikokuwa winga wa akiba, akamweka kiungo mkabaji. "Mtu anayeona hivi haachwi kwenye mstari," alisema. Tangu siku hiyo tumeshinda mechi saba kati ya tisa. Tuko wa tatu. Wanapanda wawili.

Na kila Jumatatu kocha ananakili karatasi ya mwamuzi kwenye daftari lake, yote, kwa mkono. Miaka ishirini na nane anafanya hivyo. Karatasi zenyewe ni za Kiarabu. Mimi huzipokea kwa mwamuzi baada ya mechi, nahesabu kadi, namwambia nani amefungiwa. Hazim, katibu wetu, Mjordani, husoma maneno. Namba kocha anazisoma mwenyewe, alijifunza kwenye vibao vya magari.

Jana Chacha kapata kadi yake ya pili ya njano msimu huu. Ya tatu itamweka nje mechi moja. Nimemwambia, "Chacha, funga mdomo uwanjani." Akanijibu, "Kaka, mimi ni Mkurya. Mdomo ndio ninaofunga mwisho."

Nickson


Al Quoz, Dubai
13 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mama hajambo. Huku Idi imepita vizuri.

Tumepanda. Mechi ya ishirini na mbili, ya mwisho, jana Jumamosi, bao moja kwa bila. Mahfudh alifunga dakika ya 71, pasi ya Chacha. Chacha alicheza dakika zote tisini.

Watu walifurahi sana.

Barua hii anakuja nayo Mtanzania mmoja anayefanya kazi ya ulinzi Jumeirah Lake Towers, anaondoka kesho. Sina mengi.

Nickson


Kirumba, Mwanza
3 Mei 2025

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Frida ameanguka kwenye ngazi za shule, amevunjika jino moja ambalo lingeng'oka hata hivyo. Leah anasalimu. Anashona sare za shule mbili kwa sasa na hana muda wa kukaa.

Barua yako ya tarehe 13 ni nusu ukurasa. Umenieleza kupanda daraja kwa mistari minne, wewe uliyenieleza mafua yako kwa mstari mzima. Nilijua kuna jambo, lakini sikujua ni lipi mpaka juzi. Kwenye mtandao wa ligi ya huko kuna tangazo la tarehe 30 Aprili: matokeo ya mechi yenu ya mwisho yamefutwa, mpinzani amepewa mabao matatu kwa bila, kwa kuwa mlimchezesha mchezaji aliyefungiwa. Tangazo linasema taarifa ilitoka kwa klabu yenu wenyewe. Mpinzani hakulalamika.

Katika miaka yangu yote sijaona klabu ikijishtaki baada ya muda wa malalamiko kupita. Nieleze.

Pius


Al Quoz, Dubai
18 Mei 2025

Mjomba, shikamoo. Mpe Frida pole ya jino.

Ni kweli. Chacha alipewa kadi ya tatu katika mechi ya ishirini na moja, tarehe 5 Aprili, baada ya kipenga cha mwisho, akibishana na mwamuzi wengine wakiwa wameshaingia ndani. Alipaswa kukaa nje mechi ya mwisho. Alicheza. Kocha aligundua tarehe 23 na kesho yake akaiandikia ligi.

Lamees, meneja wetu, dada yake arbab, alituita sote ofisini kwake. Aliuliza, "Kosa ni la nani?" Kocha akasema, "Orodha ya wachezaji ilisainiwa na mimi." Arbab alikuwa kwenye simu, sauti imewekwa wazi, akapiga kelele kwamba hakuna aliyelalamika, khalas, ilikuwa imepita, nani alimtuma kuandika? Kocha akamjibu, "Tulishinda mechi ambayo hatukuruhusiwa kuicheza vile." Wamemwondoa. Hatukupanda.

Mimi nimebaki. Kabla ya kuondoka kocha alimwomba Lamees jambo moja tu, kwamba nipewe ule mkataba kama ulivyoahidiwa. Lamees amekubali. Leah na Frida wanaweza kuja Agosti. Sasa unaweza kumwambia Leah.

Naona makala yako imekamilika. Kocha alikosea, alikiri, akaondoka kwa heshima. Ni mwisho mzuri.

Nickson


Kirumba, Mwanza
7 Juni 2025

Mpwa wangu,

Mama yako amepata miwani na anasoma kila kitu, pamoja na barua zangu, kwa hiyo jua kwamba hii ameisoma.

Leah nimemwambia. Alikaa chini, kisha akaanza kutaja watu watakaochukua cherehani zake. Sijamwona akizungumza haraka hivyo tangu harusi yenu.

Makala haijakamilika. Nimeiandika mara mbili na mara zote mbili inakwama pahali pamoja. Siwezi kuandika kwamba kocha alikosea mpaka nijue kwamba alikosea. Wewe mwenyewe uliniambia tarehe 16 Februari kwamba ananakili karatasi ya mwamuzi kila Jumatatu, na kwamba namba anazisoma. Mechi ilikuwa Jumamosi tarehe 5. Jumatatu ilikuwa tarehe 7. Kama angenakili siku hiyo, angeiona kadi ya Chacha siku tano kabla ya mechi ya mwisho. Aliiona tarehe 23. Basi karatasi ilikuwa wapi kwa siku kumi na nane?

Uliniambia pia nani hupokea karatasi kwa mwamuzi na nani huhesabu kadi.

Sikuulizi kama mjomba. Mjomba angeacha, maana Agosti iko karibu. Nakuuliza kama mtu aliyeombwa kuandika jina la mtu mwingine kwenye kosa. Usiponijibu, makala haitatoka na wala sitasema sababu kwa yeyote. Ukinijibu, nitaandika utakachoniambia, na hutachagua kipi kibaki.

Pius


Al Quoz, Dubai
22 Juni 2025

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo, kwa kuwa unasoma.

Karatasi ilikuwa stoo, kwenye sanduku la soksi. Niliiweka mimi.

Dakika tano kabla ya mechi kwisha mimi huingia ndani kutayarisha chai na barafu. Ndiyo sababu sikuiona kadi. Niliporudi kwa mwamuzi alinipa karatasi, nikaona alama mbele ya namba kumi na nne, jezi ya Chacha. Hazim alikuwa kwao Amman kwa Idi. Nikamuuliza Chacha. Nayaandika maneno yake yote, maana nayakumbuka.

"Chacha, umepewa kadi?"

"Mimi? Nani kasema?"

"Kuna alama hapa."

"Hiyo ni ya mabadiliko, kaka. Nilitolewa dakika ya themanini na nane, hukuona?"

"Nilikuwa ndani."

"Basi. Yalla, haya, lete chai."

Mjomba, miaka mitatu napokea karatasi hizo. Safu ya kadi naijua, na ya mabadiliko naijua, hazifanani hata kidogo. Nilimwamini Chacha kwa sababu ni wa nyumbani na kwa sababu nilitaka kumwamini. Jumatatu kocha aliuliza, "Karatasi iko wapi?" Nikamwambia Hazim ameifungia ofisini. Nilisema uongo huo bila hata kusita. Hazim aliporudi tarehe 14 nilimwonyesha. Akasoma, akafunga macho, akasema, "Khalas. Nickson, irudishe ulikoitoa." Nikairudisha.

Tarehe 23 kocha alikuwa anafunga daftari la msimu. Alikuwa na kurasa ishirini na moja kati ya ishirini na mbili. Akaja stoo, akaiulizia tena. Sijui kwa nini siku hiyo niliitoa. Nilimpa. Alikaa juu ya kreti ya maji akainakili yote, hadi mstari wa mwisho, ndipo akasema ahsante na kumpigia Lamees simu.

Ofisini, Lamees alipouliza kosa ni la nani, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa kocha. Hilo ndilo sikuliandika barua iliyopita. Nilimsikia akijibu na nikatazama zulia.

Barua yako ilifika tarehe 14. Nilikaa nayo siku nne. Tarehe 18 nikaenda Al Mankhool anakoishi. Anaondoka mwisho wa mwezi, sanduku lilikuwa wazi kitandani. Nikasema, "Kocha, ile karatasi nilikuwa nayo mimi."

"Najua. Ilikunjwa mara nne. Hazim hakunji karatasi."

"Ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

Akaendelea kukunja suruali. "Niliulizwa nani alisaini. Nilisaini mimi." Kisha akakaa. "Na sikiliza jambo jingine, mzee. Miaka ishirini na nane sijawahi kuingia kwenye mechi kabla sijanakili ile iliyotangulia. Jumatatu ile ulinipa jibu, nami nilikuuliza mara moja tu. Kwa kawaida ningekuuliza mara tano, ningempigia Hazim Amman. Nilitaka kushinda. Kwa hiyo mwambie mjomba wako aandike na hilo. Usinitoe kwenye kosa, mimi nimo."

Hakuniambia niende kwa Lamees wala nisiende. Aliniuliza kama nimekula.

Kesho yake nilipanda ghorofa ya ishirini na saba kule Jumeirah Lake Towers, iliko ofisi ya klabu. Nilimweleza madam Lamees kama nilivyokueleza wewe, ila jina la Hazim sikulitaja kwake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kocha amekutuma?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini umekuja? Mkataba uko tayari, angalia, umebaki muhuri." Nikamwambia, "Kwa sababu alimwombea mtu ambaye hakustahili kuombewa, na yeye alijua." Akatoa karatasi tupu, akaniambia niandike kwa mkono wangu. Nikaandika, nikasaini. Alisaini chini yangu, akagonga muhuri wa klabu, na akasema nakala itakwenda ligi. Matokeo hayatabadilika. Kocha hatarudishwa, arbab hataki kumsikia. Mkataba wangu aliuchana mbele yangu, polepole, bila hasira. Nina siku thelathini za kuondoka nchini.

Chacha ameshapata timu nyingine. Alinipigia. "Umeniuza, kaka." Nikamwambia sijamuuza, nimejitaja mimi, na kadi ilikuwa yake. Akasema, "Na Leah je? Umemfikiria Leah?" Nilikuwa nimemfikiria kila siku tangu tarehe 5 Aprili. Ndiyo iliyokuwa kasoro yangu yote.

Leah sijamwambia kwa simu. Mpe barua hii aisome yeye mwenyewe, yote, usimfupishie. Makala andika unavyotaka.

Nickson


Kirumba, Mwanza
14 Julai 2025

Mpwa wangu,

Nilipokea barua yako tarehe 3, nikampa Leah saa hiyo hiyo, nikatoka nje. Alisoma kwa muda mrefu kuliko barua inavyohitaji. Alipotoka alisema, "Agosti atakuwa hapa au hatakuwa hapa?" Nikasema atakuwa hapa. Akarudi ndani kushona.

Makala imetoka jana, Jumapili. Inaeleza Fresnillo, mechi 411, dakika ishirini za mwaka 1987, wanawake wa kiwanda cha nguo, timu aliyoishusha na zile mbili alizozipandisha, na kurasa za benchi. Mhariri aliniambia hajawahi kusoma habari za kocha aliyepoteza kazi zikamfanya yeye mwenyewe atake kuwa kocha. Nilimwambia aondoe sentensi hiyo kwenye utangulizi wake, na aliiondoa.

Aliomba na mimi niondoe kitu. "Mzee Pius, huyu ni mpwa wako. Tuseme tu mfanyakazi mmoja wa klabu." Nilikataa. Mfanyakazi mmoja anaweza kuwa yeyote, na katika klabu ile walikuwa wachache. Aya ya mwisho imetoka hivi:

"Berumen hakusema kwamba karatasi ilifichwa. Aliulizwa nani alisaini, akajitaja. Anakiri pia kwamba alitaka kushinda na kwamba hakuuliza mara ya pili. Karatasi ilifichwa na mtunza vifaa, Nickson Magesa Nyamhanga, ambaye alimficha kocha jambo hilo kwa siku kumi na nane na kunyamaza kocha alipohukumiwa. Tarehe 19 Juni alikwenda mwenyewe kwa uongozi, bila kutumwa, akaandika alichofanya na kupoteza kazi. Mwandishi wa makala haya ni mjomba wake."

Nilimtumia kocha nakala, na tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwalimu jirani yangu. Amejibu kutoka Fresnillo kwa mistari miwili. Anasema mabao yake ni matatu, si manne. Moja lilimgonga mwenzake kabla ya kuingia na amekuwa akijihesabia kwa miaka thelathini. Nitaweka sahihisho Jumapili ijayo.

Mama yako aliuliza kama ilikuwa lazima majina yako yote matatu yawemo. Nikamwambia ndiyo, ili asije akadhaniwa Nickson mwingine. Alifikiri kidogo, akasema basi ni sawa.

Leah alinunua gazeti mwenyewe, hakungoja langu. Alikata ukurasa kwa mkasi wake wa vitambaa na kuuweka kwenye bahasha yenye cheti chenu cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha Frida.

Mjomba wako,
Pius